Mnauliza, Tunajibu: Manowari Helena na watu walioachwa majini

Toleo lililopita tuliweka kipande kifupi tu kuhusu Helena, manowari ya Marekani iliyopigwa Pearl Harbor siku Wajapani wanashambulia tarehe 7 Desemba 1941, ikatengenezwa, ikarudi vitani na ikaja kuzama visiwa vya Solomon tarehe 6 Julai 1943. Kwa kweli sikutegemea barua zote hizi. Ukurasa hautoshi kwa hiyo nimechukua sita, na moja kati ya hizo imenikalisha siku mbili nzima kabla sijaweza kuijibu.

*Mlisema Helena ni kruza nyepesi halafu hapo hapo mkasema ilikuwa tani elfu kumi. Sasa hiyo nyepesi kivipi? Hata ile Königsberg ya Mjerumani iliyofia Rufiji naisikia inaitwa kruza nyepesi na haikufika hata nusu ya hapo. (Msomaji, Mombasa)*

Ndugu yangu uko sahihi na hili linachanganya watu wengi. Kruza ni manowari ya ukubwa wa kati. Enzi za Königsberg wepesi ulikuwa wepesi kweli, meli ndogo yenye mbio. Halafu mwaka 1930 wakubwa wa dunia wakakaa London wakawekeana mkataba, na tangu hapo kilichotenganisha nyepesi na nzito ni upana wa mdomo wa mzinga, sio uzito wa meli. Kruza yenye mizinga isiyozidi milimita 155 wakaiita nyepesi, ikizidi hapo mpaka milimita 203 ni nzito, basi. Ndo maana Helena na tani zake elfu kumi na urefu wa mita 185 iliitwa nyepesi.

Na wewe uko Mombasa, una bahati, nenda pale nje ya Fort Jesus utauona mzinga mmoja wa Königsberg umekaa pale mpaka leo. Huo mdomo wake ni milimita 105. Wa Helena ulikuwa 152, kombora lake moja lina kilo karibu 60 yaani kama mfuko wa saruji na kidogo juu yake, na meli ilikuwa na mizinga 15 ya namna hiyo, imepangwa mitatu mitatu kwenye vibanda vitano vya chuma vinavyozunguka, na kila mzinga unaweza kutema makombora nane mpaka kumi kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe. Wajapani waliopambana na kruza za aina hii usiku waliona kama wanapigwa na bunduki rashasha.

*Ikawaje Helena ipigwe topido Pearl Harbor na isizame wakati wakubwa wake wamezama? (Msomaji, Dodoma)*

Kwanza topido lenyewe, yaani lile bomu linalokwenda lenyewe chini ya maji, ni kama halikuwa lake. Gati aliyofungwa asubuhi ile, gati inaitwa 1010, kwa kawaida ilikuwa ya manowari kubwa Pennsylvania, na Pennsylvania siku hiyo ilikuwa imeingizwa gudi kwa matengenezo. Rubani akaachia topido, likapita chini ya tumbo la Oglala, meli kuukuu ya kutega mabomu iliyokuwa imefungwa ubavuni kwa Helena, likaenda kulipukia ubavu wa kulia wa Helena penye mashine. Saa mbili asubuhi ilikuwa haijatimia. Oglala ilipasuliwa na mshindo ule ule na masaa mawili baadaye ikapinduka.

Helena walikufa watu zaidi ya 30. Lakini waliokuwa chini walifunga milango ya chuma haraka kabla maji hayajatembea chumba hadi chumba, na ndani ya dakika mbili jenereta ya akiba ikawaka, mizinga ya kupiga ndege ikapata umeme. Hapo ndo ilipopona. Ikapelekwa California kutengenezwa na mwaka 1942 ikarudi Pasifiki ikiwa na kitu kipya juu ya mlingoti, ambacho kinatuleta kwenye swali la kijana wetu wa Mwanza.

*Shikamoo mzee, nasoma mambo ya mawasiliano chuoni. Mlitaja kwamba Helena ilianza kupiga kwa sababu ya kutoelewana kwenye redio, mkaishia hapo hapo. Naomba mtueleze vizuri. (Mwanafunzi, Mwanza)*

Marhaba mwanangu. Hii mimi naipenda sana. Usiku wa tarehe 11 Oktoba 1942, karibu na kisiwa cha Guadalcanal kwenye rasi ya Esperance, msafara wa Marekani uko chini ya Admirali Norman Scott ambaye yupo kwenye meli San Francisco. San Francisco haina ile rada mpya, Helena inayo, ndo kile kitu kipya cha juu ya mlingoti. Saa tano na dakika 25 usiku rada ya Helena inaona meli za Kijapani zinakuja, umbali wa kilomita 25 hivi, giza totoro, Wajapani hawajui lolote. Inapita robo saa nzima kabla Admirali hajaambiwa! Na akishaambiwa bado hana uhakika kwa sababu distroya zake mwenyewe, zile manowari ndogo zenye mbio, zimepotea mstari na anaogopa kuzipiga.

Kapteni wa Helena, Gilbert Hoover, anaona adui anazidi kusogea, anashika redio anaomba ruhusa ya kupiga. Kwenye lugha yao ya redio neno "Roger" lilikuwa na kazi mbili, lilimaanisha ujumbe umefika, na lilimaanisha pia fungua moto. Hoover anauliza, Scott anajibu "Roger" akiwa na maana nimekusikia. Hoover anauliza tena kuhakikisha, anajibiwa tena "Roger". Kwa Hoover hiyo ni ruhusa mara mbili, na saa tano na dakika 46 Helena ikafyatua mizinga yote. Scott alishtuka kuliko mtu yeyote. Akajaribu kusimamisha mapigano lakini ilikuwa imeshaanza, na Wajapani wamekamatwa bila kujiandaa, admirali wao Goto akajeruhiwa majeraha yaliyomuua, kruza Furutaka na distroya Fubuki zikazama. Marekani nao walipoteza distroya Duncan, iliyojikuta katikati ikapigwa na adui na ikapigwa na wenzake pia.

Kwa hiyo mwanangu wewe unayesoma mawasiliano, hiyo Roger moja ibebe. Na kingine cha fani yako, tarehe 5 Januari 1943 Helena ndiyo ilikuwa meli ya kwanza kuangusha ndege ya adui kwa kombora lenye kiredio kidogo ndani yake, kinarusha mawimbi, mawimbi yakigonga ndege yakirudi na nguvu ya kutosha kombora linajilipua lenyewe bila kuigusa ndege. Redio ya taa zile za kioo, ndani ya kombora linalorushwa na mzinga, na isivunjike. Mwaka 1943!

*Mimi ni mwalimu mstaafu, mwanamke wa Machakos. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpiga mizinga, alipanda meli Khedive Ismail hapo Kilindini Februari 1944 hakurudi tena. Mliandika kwamba Helena iliona kruza mwenzake Juneau inalipuka ikaondoka bila kushusha hata boti moja. Nilifunga gazeti nikalia. Aliyetoa amri ile alikuwa mtu wa aina gani, na alifanywa nini?*

Mwalimu, pole sana. Hii ndo barua niliyosema imenikalisha. Ngoja nianze mbali kidogo ili amri ile uione kama alivyoiona mwenyewe.

Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 13 Novemba 1942, karibu saa nane, meli 13 za Marekani zilikutana uso kwa uso na kundi kubwa la Wajapani lenye manowari mbili kubwa kabisa, kwenye mlango wa bahari wa Guadalcanal, wakapigana gizani kwa umbali ambao ni kama kupigana chumba kimoja taa zimezimwa. Admirali Callaghan alikufa, na Admirali Scott yule wa "Roger" alikufa. Asubuhi kilichobaki cha kutembea ni meli sita tu na mwenye cheo cha juu kati ya waliosimama ni Hoover wa Helena. San Francisco imetobolewa hovyo, na Juneau imekatika mkuku kwa topido la usiku, omo imezama chini kuliko kawaida, inatembea kwa kujikokota. Distroya moja ilitumwa mbali kidogo ili irushe ujumbe wa redio bila kuonyesha msafara ulipo, kwa hiyo hata macho ya kutafuta nyambizi yalipungua.

Saa tano asubuhi nyambizi ya Kijapani I-26 ikaachia matopido. Yaliyokusudiwa San Francisco yakaikosa, moja likaenda kuingia Juneau, ubavu ule ule wa kushoto uliokuwa umeshaumia. Mwalimu, Juneau haikuzama taratibu. Ililipuka yote kwa pamoja, na moshi ulipoinuka hapakuwa na meli, sekunde kama ishirini hivi. Waliotazama waliona haiwezekani mtu awe amebaki hai mle.

Hoover akapiga hesabu. Nyambizi iko hapo hapo na ina matopido mengine. Akisimamisha meli kutafuta watu ambao anaamini wamekufa, anaweza kupoteza meli nyingine na mamia ya watu wengine, wakiwemo majeruhi waliojaa kwenye San Francisco. Akaamuru waendelee na safari. Ndege ya B-17 ikapita juu, akawaashiria kwa taa wapeleke habari makao makuu kwamba Juneau imepotea na mahali ilipopotelea.

Na kumbe watu walikuwepo. Zaidi ya mia moja walikuwa hai kwenye mafuta mazito yale, wengine wameungua, wengine hawana mguu. Habari ya B-17 haikurushwa kwa redio, ilisubiri ndege itue, ikaandikwa kwenye ripoti, ripoti ikakaa kwenye rundo la karatasi siku baada ya siku. Watu wako juani, papa wanazunguka, maji ya kunywa hakuna. Walipookolewa wote, baada ya siku nane, walipatikana kumi. Meli ilipoteza watu 687, na kati yao ndugu watano wa tumbo moja, akina Sullivan wa Waterloo, Iowa, yaani George, Francis, Joseph, Madison na Albert. George, mkubwa wao, hakufa kwenye mlipuko. Alikuwa mmoja wa wale waliobaki wanaelea, na akafia majini siku chache baadaye. Wazazi wao waliambiwa Januari, mwezi wa pili baada ya msiba.

Hoover alivuliwa ukapteni na Admirali Halsey, mkuu wa eneo lile, na hakupewa tena meli ya kuongoza vitani, mtu aliyekuwa na nishani tatu za ushujaa za Navy Cross. Miaka ilipopita Halsey mwenyewe akakiri hadharani kwamba hakumtendea haki. Umeniuliza alikuwa mtu wa aina gani. Mimi naamini alikuwa mtu mwenye huruma aliyewekwa mahali ambapo kila njia ina maiti, na simlaumu kwa kuondoka. Ninachoshindwa kukisamehe ni ile karatasi. Kuondoka kulikuwa na sababu, lakini kuilaza habari ya watu wanaozama chini ya karatasi nyingine hakukuwa na sababu yoyote, na kama ingesomwa siku ile ile tungekuwa tunazungumzia watu wengi zaidi ya kumi.

Sasa kuhusu babu yako. Khedive Ismail ilitoka Mombasa inaelekea Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 karibu na visiwa vya Maldivi ikapigwa na nyambizi I-27, ambayo ilitengenezwa kwa muundo mmoja na ile I-26. Ilizama kwa dakika chache tu, watu karibu 1,300 wakafa, na wengi wao ni vijana wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Makapteni wa distroya mbili za Kiingereza walikutana na swali lile lile la Hoover. Wao hawakuondoka. Waliisaka nyambizi, na kuisaka kulimaanisha kudondosha mabomu ya chini ya maji karibu na pale pale watu walipokuwa wanaelea. Wakaokoa walioweza, watu zaidi ya 200, na masaa machache baadaye I-27 ikazamishwa. Wako waliokufa kwa mabomu ya wenzao. Sijui nikwambie nini zaidi ya hapo mwalimu, isipokuwa kwamba hata waliobaki kupigana hawakuweza kuwaokoa wote, na kama una picha ya babu yako au barua yake yoyote tutaiweka ukurasa huu kwa heshima.

*Mimi mvuvi wa Nungwi. Mlisema Helena ilipozama watu wake walikaa majini siku mbili wakafika nchi kavu. Bila chombo? Ilikuwaje? (Msomaji, Unguja)*

Chombo walikuwa nacho, walishika omo ya meli yao wenyewe! Nakueleza. Usiku wa tarehe 6 Julai 1943, ghuba ya Kula, Helena iko na wenzake Honolulu na St. Louis wanaziwahi distroya kumi za Kijapani. Usiku uliotangulia Helena ilikuwa imepiga nchi kavu mpaka ikamaliza baruti yake ile maalumu isiyotoa mwanga mkali. Usiku huu ikabidi itumie ya kawaida, na ukikumbuka ile mizinga 15 inavyotema, meli nzima ikawa inawaka kama karabai katikati ya giza. Wajapani walilenga mwanga ule. Na topido lao halikuwa la mchezo, upana milimita 610, linaenda kwa oksijeni kwa hiyo haliachi mapovu ya kuonekana, linabeba baruti kilo 490.

Yakaingia matatu ndani ya dakika chache. La kwanza likang'oa omo yote mpaka karibu na kibanda cha pili cha mizinga, mengine mawili yakavunja mgongo. Kiwiliwili kikakunjika kikazama lakini kile kipande cha omo kikabaki kimesimama juu ya maji, wewe mvuvi unaweza kupata picha, kama pua ya papa imechungulia. Kwenye giza na kelele wenzake hata hawakujua Helena haipo, wanaiita kwenye redio haijibu, mpaka distroya moja ikawasha kurunzi ikakuta kipande cha chuma kinaelea kimeandikwa 50. Hiyo ndo namba ya Helena.

Distroya Nicholas na Radford zikaanza kuvuta watu, wamejaa mafuta mazito mwili mzima wanateleza mikononi kama pweza, na kila adui anapotokea inabidi waache kuokoa waende wakapigane halafu warudi. Walitoa zaidi ya watu 700. Kulipokaribia kucha ilibidi waondoke maana ndege za Kijapani zingewakuta, lakini safari hii hawakuondoka mikono mitupu, waliacha boti zao na mabaharia waliojitolea kubaki. Kapteni mpya Cecil na watu wengine 87 wakafika kisiwa kidogo, wakachukuliwa asubuhi ya siku iliyofuata.

Lakini karibu watu 200 walikuwa bado wameganda kwenye omo, na omo ikaanza kuzama. Ndege ya Kimarekani ikawaona, ikawadondoshea jaketi za kuokolea na boti za mpira nne. Wakawapakia majeruhi, wazima wakashika pembeni wanapiga miguu. Upepo na mkondo ukawa unawapeleka Kolombangara kwenye Wajapani tele, wanaona kabisa wanakopelekwa, halafu mkondo ukawapitisha. Usiku wa pili wengi waliachia mikono. Kulipokucha mbele yao kuna kisiwa kingine, Vella Lavella, na waliofika ufukweni ni 165.

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Kisiwani kuna kambi za Wajapani. Wenyeji wa kisiwa wakawatoa ufukweni, wakawabeba wagonjwa wakawapandisha msituni, wakawalisha na kuwalinda siku nane, wakijua wakikamatwa watauawa wao na watoto wao. Msituni huko alikuwepo Henry Josselyn, mlinzi wa pwani aliyejificha na redio yake, na mmisionari mmoja. Josselyn akarusha habari, na habari hii haikulala kwenye karatasi. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Julai meli mbili, Dent na Waters, zikasogea taratibu mpaka karibu na ufukwe, zikawachukua wote 165 na Wachina 16 waliokuwa wamejificha kisiwani humo humo. Helena ilipoteza watu 168. Wewe unayejua bahari utaona walivyo wengi waliorudi, na utaona wametolewa na nani.

*Mabaki yake yapo wapi sasa? (Msomaji, Arusha)*

Yapo chini ya maji karibu na kisiwa cha New Georgia, kina cha mita kama 860. Meli ya utafiti Petrel, ya tajiri Paul Allen, iliyapata mwaka 2018, siku chache tu baada ya kuipata Juneau nayo kwenye kina cha mita 4,200. Roboti iliposhuka na taa yake watafiti hawakubaki na shaka ni meli gani, ubavuni kushoto bado inasomeka namba 50.